Mama Pélagie Mwayuma na Noeli ya Mchele wa Kailo

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Ninyi wa Kasuku na Mikelenge, ninyi wa ng'ambo huko Alunguli, na ninyi mnaotusikiliza kutoka Kailo, Pangi na Kalima. Mimi ni Barnabé, wa redio yenu ya Kindu. Mwenye redio yenye betri nzuri aongeze sauti, na jirani asikie.

Leo tunamkumbuka Mama Pélagie Mwayuma. Mama Pélagie wa Mikelenge. Ametutoka wiki iliyopita, presha ilimwangusha akiwa anaanika mchele uani. Tulimzika Jumanne.

Wengi hamlijui jina hilo la Mwayuma. Mnamjua kama Mama Noeli. Njo yeye, ndiye huyo, aliyewakusanya watoto wa Kindu kila tarehe ishirini na tano ya Desemba. Njo yeye aliyewavusha mto kwa mitumbwi, wakiimba, mpaka kwenye mchanga wa Alunguli. Kule kulikuwa na mbio za magunia. Kulikuwa na kuvutana kamba, akina baba upande huu, akina mama upande ule, na akina baba walishindwa karibu kila mwaka. Kulikuwa na maigizo ya kuzaliwa kwa Yesu, ndani ya kreshi, kibanda cha mianzi na makuti. Halafu wali na nyama, kwenye masinia makubwa, kila mtoto na mkono wake.

Hayo njo mnayoyajua. Ningeweza kuyasimulia hayo tu, tukapiga muziki, tukaagana. Lakini siku moja kabla ya maziko, binti yake, Mama Jeanine, alikuja hapa studio. Akaniambia hivi: "Mama alisema, siku wakinisema mu redio, wasiseme fete ya Noeli peke yake. Waseme na mambo ya Kailo. Kama hawawezi, wanyamaze yote."

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, leo tutasema mambo ya Kailo. Kuna watakaokasirika. Poleni. Ni wasia wa marehemu.

Tuanze mwanzo.

Mama Pélagie alikuwa mke wa Papa Florentin, mtu wa treni. Papa Florentin yuko hai, anatusikiliza sasa hivi. Miaka ile kabla ya vita, mishahara ya watu wa treni ilikuwa imekauka. Noeli ikifika, watoto wa wafanyabiashara walitoka na nguo mpya, viatu vinalia kwenye lami, wanakwenda kupigwa picha. Watoto wa watu wa treni walibaki ndani. Mnakumbuka? Mtoto asiye na nguo mpya alijificha nyuma ya mlango siku nzima. Aliona haya.

Noeli moja Mama Pélagie alimkuta Jeanine wake amejificha hivyo, chini ya kitanda, amejifunika gunia. Alichukua panga, akakata makuti, akaanza kusuka mataji. Taji moja la Jeanine, jingine la mtoto wa jirani, jingine la mtoto wa pili wa jirani. Akapasua kitenge chake cha ndoa, akamfunga kila mtoto kipande kifuani. Halafu akawatoa barabarani wakiimba. Saa kumi na mbili asubuhi watoto walikuwa wachache. Jua lilipokuwa utosini, walikuwa wameijaza avenue, barabara yote. Hata watoto wenye nguo mpya walililia taji.

Papa Florentin anasema: "Watu wanafikiri bibi yangu alipenda fete. Hapana. Yeye hakuweza kuona mutoto mwenye haya. Ile njo ilikuwa inamuuma."

Shikeni hapo. Mama Pélagie alianza Noeli ya watoto ili mtoto yeyote asione haya.

Halafu vita ikaja.

Sitawasimulia vita, mnaijua. Nitasema tu juu ya mwaka ule mji ulipofungwa. Ndani ya mji kulikuwa na askari. Ndani ya msitu kulikuwa na wengine wenye bunduki. Treni hakuna. Bateau, meli za mtoni, hakuna. Ukienda shamba, huenda usirudi. Chumvi ikawa kitu cha kuota. Watu walikula matembele asubuhi na matembele jioni, bila mafuta. Watoto nywele ziligeuka nyekundu.

Desemba ikafika. Watoto wakaanza kupita kwa Mama Pélagie kuuliza: "Mama, mataji tutasuka lini?"

Mama Pélagie akaenda kwa komanda wa askari, aliyekaa kwenye nyumba kubwa karibu na mto. Alikwenda kuomba ruhusa tu. Ruhusa ya kukusanya watoto bila kupigwa risasi. Komanda alimsikiliza vizuri. Akampa kiti. Halafu akamuuliza: "Sasa mama, wakishaimba, watakula nini?"

Mama Pélagie akasema hakuna kitu.

Komanda akasema: "Kitu kitapatikana. Mchele na mbuzi. Wewe fundisha watoto wimbo mzuri wa kushukuru."

Siku chache baadaye moshi ulionekana upande wa Kailo. Mzito, mweusi, asubuhi yote. Mji mzima uliuona. Kesho yake magunia ya mchele yalishushwa mbele ya nyumba ya Mama Pélagie, na mbuzi wamefungwa kamba miguuni.

Papa Florentin alisimama mlangoni. Leo ananiambia maneno aliyosema siku ile.

"Bibi yangu, hawa watu hawalimi. Huu muchele wameutoa wapi?"

Mkewe akamjibu: "Papa Jeanine, mutoto mwenye njaa hauliziwi shamba. Nisaidie kupepeta."

Na Papa Florentin akasaidia kupepeta.

Noeli ikafika. Hawakuvuka mto mwaka ule, askari hawakuruhusu. Walifanyia huku, kwenye uwanja. Mataji yalisukwa. Kreshi ilijengwa. Mbuzi mmoja alibakizwa hai kwa ajili ya maigizo, mbuzi mweupe, sikio moja limechanika. Alifungwa karibu na mtoto Yesu. Harufu ya wali ilienea mpaka sokoni. Watu walilia kwa harufu tu. Komanda alikaa kwenye kiti mbele, akapigwa picha na watoto. Watoto wakamwimbia: asante, asante, baba yetu komanda.

Kwenye shule moja ya mji kulikuwa na watu waliokimbia vijiji vya njia ya Kailo. Nao walisikia kuna chakula cha watoto. Akaja mama mmoja kijana, jina lake Sifa, ameshika mkono wa binti yake mdogo, Bibiche. Walisimama nyuma kabisa.

Maigizo yakaanza. Yosefu akaja, Mariamu akaja. Na mtoto Bibiche akapiga kelele, sauti ya furaha: "Mama! Mama, tazama! Mbuzi yetu! Mbuzi yetu iko pale!"

Watu wakacheka. Walifikiri ni mchezo wa mtoto.

Lakini yule mbuzi alisikia sauti. Akainua kichwa. Akaanza kulia na kuvuta kamba, anavuta kwenda kwa yule mtoto, mpaka kreshi ikayumba. Kicheko kikakatika. Sifa akamziba binti yake mdomo kwa kiganja. Askari walikuwa pale pale.

Mama Pélagie alikuwa amesimama katikati. Alimtazama mtoto. Alimtazama mbuzi. Halafu alimtazama Sifa machoni, na Sifa akamtazama. Watu wawili walioelewana bila neno.

Na Mama Pélagie akapiga makofi, akasema kwa sauti kubwa: "Watoto, tuimbe!"

Wakaimba.

Baada ya maigizo, komanda aliamuru yule mbuzi naye achinjwe. Sahani zikapita. Sahani ikafika kwa Sifa na binti yake. Sifa aliipokea. Akamlisha Bibiche. Yeye mwenyewe hakutia kitu mdomoni.

Wasikilizaji wapendwa, nilimuuliza Mama Sifa mwenyewe juu ya sahani ile. Alinitazama kama mtu anayeulizwa swali la kitoto. Akasema: "Mutoto wangu alikuwa na njaa. Ungefanya nini, wewe?"

Asubuhi iliyofuata Mama Pélagie alikwenda shuleni kumtafuta. Hakuwa amelala wala kula. Alimkuta Sifa anafua kitambaa kwenye beseni. Akachuchumaa mbele yake.

"Dada, ile mbuzi ilikuwa yako?"

"Ilikuwa ya mutoto. Baba yake alimupa."

"Na baba yake iko wapi?"

Sifa hakuinua macho. Akasema mume wake aliitwa Kasimu. Askari walipokuja kuchukua mchele, Kasimu alisimama kwenye mlango wa ghala. Akawaambia: chukueni nusu, mutuachie mbegu. Wakamuua pale pale mlangoni. Mchele waliubeba wakiruka juu yake.

Mama Pélagie akaanza kulia. "Dada, sikujua. Naapa, sikujua."

Sifa akaacha kufua. Akamwambia: "Ulijua. Uliniangalia, kisha ukaimba."

Maneno hayo, wasikilizaji. Mama Pélagie aliyabeba mpaka kaburini. Aliinuka, akarudi nyumbani.

Mwaka uliofuata hakukuwa na Noeli ya watoto. Wala mwaka wa pili wake. Vita ikaisha, treni ikaanza kupiga honi tena, bateau zikarudi, watu wakapaka nyumba rangi. Wazazi wakamwendea: Mama Noeli, watoto wanangoja. Akawa anasema mgongo unamuuma. Siku yenyewe ya Noeli alijifungia chumbani tangu asubuhi. Jeanine anasema: "Nilisukuma mulango, nikamukuta mama amekaa chini, nyuma ya kitanda. Nikamuuliza, mama unaumwa? Akasema, hapana mutoto wangu, ninaona haya. Sikuelewa. Mama mukubwa kama yule, haya ya nini?"

Miaka ikapita hivyo. Mwishoni hakuweza tena. Akapata habari kwamba Sifa amerudi kijijini kwao. Akanunua mbuzi jike, mweupe. Akapanda nyuma ya kinga, baiskeli ya mtu wa toleka abebaye abiria, mbuzi amefungwa mbele kwenye usukani, wakaishika njia ya Kailo. Njia mbaya, tope mpaka magotini. Palipokuwa pabaya zaidi walishuka, wakasukuma.

Sifa alimpokea vizuri. Alimpa maji, akampa kigoda. Alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaufungua mguu wa yule mbuzi, akampa Mama Pélagie kamba mkononi.

"Rudi nayo, mama."

"Dada, nakuomba. Niache nikulipe hata hiki kidogo."

Sifa akatikisa kichwa. "Nikipokea hii mbuzi, utarudi Kindu mwepesi. Mimi nitabaki na mbuzi, na Kasimu hatakuwapo."

Mama Pélagie akamuuliza, sasa nifanye nini? Niambie tu, nitafanya.

"Wali mulikula mbele ya watu," Sifa akasema. "Wimbo muliimba mbele ya watu. Nenda useme mbele ya watu. Siku ileile ya Noeli. Na useme jina lake."

Alirudi na mbuzi wake. Watu wa njia ya Kailo walimwona, mama mzima analia nyuma ya kinga, mbuzi analia mbele.

Desemba ile Mama Pélagie alitangaza: Noeli ya watoto imerudi. Mji ulifurahi! Mitumbwi ilifunikwa makuti. Wazazi walivuka Alunguli na watoto wao, wengi kuliko zamani. Chakula kilipokuwa tayari, akawaomba wote wakae. Akasimama. Papa Florentin akaenda kusimama kando yake, maana alijua linalokuja.

Mama Pélagie alisema yote. Moshi, magunia, mbuzi, mtoto aliyepiga kelele. Akasema: "Mume wangu aliniuliza mchele umetoka wapi, nikamfunga mdomo. Mtoto alisema mbele yenu, nikamfunika kwa wimbo. Mchele ule ulikuwa wa Kasimu, na Kasimu aliuawa kwenye mlango wa ghala lake. Mimi niliwalisha watoto wenu kwa damu ya mtu, na nilijua."

Mnafikiri watu walimkumbatia? Hapana.

Mama Kavuo akasimama. Mnamjua Mama Kavuo, mwenye duka la vitambaa, aliyekuja kutoka Butembo siku nyingi. Akalia kwa hasira: "Mama Noeli, mtoto wangu Axel alikuwa anakufa! Alikula ule wali, akaishi! Sasa unataka nini? Nimtapishe?"

Mwingine akasema: "Sisi hatukujua chochote." Mwingine akasema: "Umeharibu siku ya watoto." Watu wakaanza kunyanyuka, wanashika watoto mikono, wanarudi mitumbwini. Masinia yalibaki yamejaa. Nzi wakayashukia.

Jeanine alimwambia mama yake: "Mama, kwa nini umetutia aibu hivi?"

Mama Pélagie akamjibu: "Aibu ilikuwa tayari, mwanangu. Nilikuwa ninaikalia peke yangu."

Mwaka uliofuata watoto walikuja wachache sana, wa majirani tu. Alisema tena maneno yaleyale, na jina la Kasimu, kabla ya kuosha mikono. Mwaka uliofuata vilevile. Sokoni walimgeuzia mgongo. Kwenye misa, benchi lake lilikuwa na nafasi. Wengine walimwita mwenda wazimu. Hakuacha.

Aliyerudi wa kwanza alikuwa Mama Kavuo. Noeli moja alivuka mto akiwa na kijana wake Axel, sasa ana ndevu, amebeba gunia la mchele begani. Mama Kavuo akaliweka chini mbele ya watu. Hakuomba radhi. Alisema tu: "Huu nimenunua kwa watu wa Kailo wenyewe, nimewatazama wakipima. Waambie watoto hivyo."

Polepole wengine wakafuata. Na leo njo desturi: kwenye Noeli ya watoto ya Kindu, kabla ya mkono kuingia kwenye sinia, mtu anasimama na kusema chakula hiki kimelimwa na nani. Wageni wanafikiri ni sala ya hapa kwetu. Sasa mnajua ilikotoka.

Mama Sifa hakuja hata Noeli moja. Kila mwaka alialikwa, kila mwaka hakuja.

Jumanne alikuja kwenye maziko. Alishuka kwenye pikipiki, nguo ina vumbi mpaka mabegani, na Bibiche, ambaye sasa ni mama wa watoto, alikuwa naye. Watu walimpisha. Papa Florentin alitaka kupiga magoti, Mama Sifa akamshika mkono, akamzuia. Wakampa nafasi aseme.

Alisema maneno machache. Nayarudia kama alivyoyasema.

"Mimi sikumusamehe. Nilimuambia mwenyewe, na alikubali. Lakini vita iliua watu wetu wengi, na hakuna mukubwa hata mumoja aliyekuja kutaja majina yao. Huyu mama alitaja la mume wangu kila mwaka. Njo maana nimekuja."

Akaenda kukaa kwenye mkeka na wanawake wafiwa.

Pale kwenye mkeka Mama Jeanine alimsogelea. Noeli imekaribia, na kazi ya mama imemwangukia yeye. Alimwambia Mama Sifa: "Mama mukubwa, ninaogopa. Mama alikuwa anasema kwa sababu njo yeye alikosa. Mimi nilikuwa mutoto mudogo siku ile. Nitasimama niseme kama nani?"

Mama Sifa akamsogezea nafasi kwenye mkeka.

"Utasema kama muntu aliyekula," akamwambia.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wa redio hii, tunampa pole Papa Florentin. Pole Mama Jeanine, pole wajukuu, pole Mikelenge yote. Na pole, iliyochelewa miaka mingi, kwa Mama Sifa na Bibiche, na kwa kila nyumba ya njia ya Kailo iliyopoteza mtu mlangoni mwake. Mungu ampumzishe Mama Pélagie Mwayuma. Mungu ampumzishe Kasimu.

Wengi wenu mnaonisikiliza mlikuwa watoto wenye mataji siku ile. Hamkufanya kosa. Mlikuwa na njaa. Lakini mmekuwa wakubwa sasa, mna watoto wenu, na Noeli mtawavusha Alunguli wakacheze. Wakishachoka na magunia na kamba, wakikaa kuzunguka sinia, Mama Jeanine atasimama kusema.

Msimwache asimame peke yake.